Kuonja Riwaya ya Kisayansi Kabla ya Kuifundisha

Kila mwaka wanachuo wapya wanapofika hapa Nachingwea huwa tunawauliza swali moja ambalo halimo katika muhtasari wa somo: ni kitabu gani ulichokisoma mwisho pasipo kulazimishwa na mtihani? Aghalabu hufuata kimya. Wachache hutaja kisa cha Willy Gamba walichoazima kwa kaka mkubwa. Waliosalia hutaja vitabu vya fasihi vya kidato cha nne, na ukiwadadisi zaidi hukutajia dhamira, wahusika na mandhari kwa mpangilio uleule, kama mtu anayesoma orodha ya vifaa vya ghala. Hatuwalaumu, kwa kuwa ndivyo walivyofundishwa kusoma. Lakini mwanachuo huyo ndiye atakayekabidhiwa Darasa la Tano baada ya miaka miwili, na mtoto hatambui utamu wa kitabu kwa kuelezwa kwamba kitabu ni kitamu. Huutambua kwa kuuona uso wa mwalimu anayekisoma.

Ndiyo sababu katika makala haya tumechagua aina ya riwaya ambayo wengi wenu mnaidhani kuwa ni ya watu wa mbali: riwaya ya kisayansi ya vijana, yenye hatari, mbio na mapenzi ndani yake. Tumeichagua kwa makusudi. Aina hii haisomeki kwa ubaridi. Msomaji ama huvutwa nayo au huiweka chini, na mwanachuo aliyezoea kusoma kwa ajili ya majibu hulazimika, pengine kwa mara ya kwanza, kujiuliza iwapo anafurahi.

Kwanza tuieleze. Riwaya ya kisayansi ni hadithi ya kubuni ambayo ajabu yake inatokana na jambo linaloweza kuelezwa kwa njia ya sayansi, au linalodai kuelezwa hivyo. Hapo ndipo inapotengana na ngano. Sungura anapoongea na Fisi katika ngano za Kimwera hakuna mtoto anayeuliza koo lake limeumbwaje hata atamke maneno. Lakini mtu akiruka angani ndani ya chombo, msomaji ana haki ya kuuliza chombo kinatumia nini na hewa ya kuvuta inatoka wapi. Hatari na mbio huipa hadithi hiyo taharuki, yaani ile hali ya msomaji kutamani na kuogopa kujua kitakachofuata. Kuhusu mapenzi tutasema baadaye, maana hapo ndipo tulipopata taabu.

Kiswahili kina mizizi ya taharuki iliyo imara. Mohamed Said Abdulla alitupatia Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, mpelelezi anayepima ushahidi kwa utulivu kuliko walimu wengi tunaowafahamu. Faraji Katalambulla alifuata na Simu ya Kifo mwaka 1965, na Elvis Musiba akamleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974. Riwaya ya kisayansi ndiyo iliyokawia. Katika zile chache tulizo nazo, tunayowashauri muanze nayo ni Walenisi ya Katama Mkangi, mwanasosholojia mzaliwa wa pwani ya Kenya, iliyochapishwa Nairobi mwaka 1995. Mkangi alikuwa amekwisha kuandika Ukiwa mwaka 1975 na Mafuta mwaka 1984. Katika Walenisi mtu aitwaye Dzombo anahukumiwa kifo, na adhabu yenyewe si kitanzi wala risasi. Anafungiwa ndani ya chombo cha kurushwa angani. Chombo hakimuui, kinamfikisha katika nchi ambayo watu wake wanaishi kwa usawa, na huko anakutana na Mtu-Binti, wakapendana. Jina la nchi hiyo ukilitamka polepole utasikia maneno matatu ndani yake: wale ni sisi.

Si kitabu cha watoto wa shule ya msingi, na hatusemi mkibebe mkakisome darasani. Kisomeni ninyi. Kisomeni usiku, bila kalamu. Mwanachuo mmoja alitujia baada ya juma moja akalalamika kwamba amesahau kuandika dhamira kwa sababu alikuwa akitaka kujua kama Dzombo atafika. Tulimwambia kwamba kazi tuliyompa ameikamilisha.

Wengine hupinga wakisema kwamba roketi si mambo yetu. Pingamizi hilo linajibika kwa tarehe moja. Siku ya 12 Desemba 1970, katika jukwaa la San Marco lililosimamishwa baharini huko Ngomeni, karibu na Malindi, Waitaliano walirusha angani setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo kwenye nyota. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kazi hiyo peke yake. Kwa kuwa ilikuwa siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, ikapewa jina la Uhuru. Hatudai kwamba Mkangi alilipata wazo lake huko. Tunasema tu kwamba wavuvi wa pwani ya Waswahili walikwisha kuona roketi ikipaa kabla ya wengi wenu, na hata baadhi yetu, kuzaliwa.

Sasa tuingie katika kanuni ambayo mwalimu akiishika ataifurahia riwaya ya kisayansi na pia ataweza kuitunga. Mwandishi huruhusiwa kubadili jambo moja kubwa katika dunia, kisha mambo mengine yote hayana budi kufuata ukweli. Jules Verne, Mfaransa, alitunga mwaka 1865 hadithi ya watu waliosafiri kuelekea mwezini. Aliwarusha kutoka jimbo la Florida, Marekani, na mwaka 1969 wanaanga wa Apollo 11 waliondoka katika jimbo hilohilo. Hapo alibahatika, ingawa haikuwa bahati tupu, kwa sababu alitafuta mahali pa kusini palipo karibu zaidi na ikweta. Lakini Verne aliwarusha wasafiri wake kwa mzinga. Mtu akirushwa kwa mzinga wenye nguvu ya kumfikisha mwezini atakufa papo hapo kwa ule msukumo wa ghafla, kabla hajatoka mdomoni mwa mzinga. Je, kitabu kimeharibika? Sisi tunaona hakikuharibika, kwa kuwa sehemu nyingine zote amezipigia hesabu kwa bidii. Tena kosa lenyewe ni zawadi kwa mwalimu: mpe mwanafunzi yai ndani ya kopo, atikise kopo hilo ghafla, kisha alisogeze polepole, na somo la mwendo litakuwa limefundishika.

Mwaka mmoja tuliwaagiza wanachuo waliokuwa wakienda kwenye mazoezi ya kufundisha wilayani Ruangwa watunge hadithi fupi ya kisayansi ambayo chimbuko lake liko mahali walipo. Hatukutaka sayari ya mbali. Mahali hapa pana utajiri wa ajabu. Upande wa mashariki, katika Wilaya ya Lindi, kuna kilima cha Tendaguru, ambako kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimbua mifupa ya wanyama walioishi yapata miaka milioni 150 iliyopita. Werner Janensch na Edwin Hennig ndio waliotajwa sana vitabuni, lakini kazi ya uchimbaji ilisimamiwa na Boheti bin Amrani, na mamia ya wapagazi wa nchi hii waliibeba mifupa kwa vichwa na mabega hadi bandari ya Lindi. Mnyama mmoja kati ya hao amesimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin, na kimo chake kinapita meta 13. Na hapa hapa Nachingwea wazee wanakumbuka, au walisimuliwa na baba zao, jinsi mashine za mradi wa karanga zilivyokuja kung'oa misitu kuanzia mwisho wa miaka ya 1940, na jinsi reli ya kutoka Mtwara ilivyojengwa na baadaye ikang'olewa. Mradi huo uliachwa mwaka 1951. Mtu akitaka hadithi ya mashine zilizoahidi mambo makuu zikashindwa na udongo, hana haja ya kwenda mbali.

Mwanachuo mmoja hakuchagua mifupa wala karanga, alichagua madini ya kinywe. Ruangwa ina kinywe ardhini, na kinywe ni kitu kilekile cheusi kinachoandika ndani ya penseli. Siku hizi kinahitajika sana ulimwenguni kwa kuwa hutumika kutengenezea ncha hasi ya betri za lithiamu, zile za simu na za magari ya umeme. Mwanachuo huyo aliandika katika daftari la kurasa 96 kisa cha msichana wa kidato cha pili aliyegundua namna ya kutengeneza betri ya kinywe isiyoisha kamwe. Watu waovu wanasikia habari hiyo, wanamfuata. Yuko kijana wa darasa lake anayempenda, naye anajua njia zote za mikoroshoni. Wanakimbia usiku.

Tulipolisoma daftari tulimwita. Tulimwambia hadithi inakimbia vizuri, lakini betri haiumbi nguvu, huhifadhi tu nguvu iliyowekwa. Betri isiyoisha kamwe ni uchawi uliovishwa koti la maabara. Akanuna kidogo, kisha akarekebisha: betri ile ikawa na ngozi nyeusi inayonywa mwanga wa jua na kujijaza yenyewe. Tukaridhika, naye akaenda nalo shuleni.

Shule aliyopangiwa ilikuwa na wanafunzi 74 katika Darasa la Sita, na vitabu vya kusoma havikufika hata kimoja kwa dawati. Akawa anasoma kwa sauti dakika 10 za mwisho za kipindi cha Kiswahili. Tulipokwenda kumkagua tulikaa nyuma ya darasa. Alifika mahali ambapo msichana anaifunga betri kwenye pikipiki na kijana anapanda nyuma, jua limekwisha kuzama, na taa za wale waovu zinaonekana zikija kwa nyuma. Mvulana mmoja wa dawati la mwisho akasimama bila kunyoosha mkono, akauliza: "Na usiku, Mwalimu, inakunywa nini?"

Mwanachuo alitutazama. Sisi tuliinamisha macho kwenye fomu za ukaguzi, maana nasi hatukuwa tumeliona. Angeweza kumwambia mtoto akae, na katika madarasa mengi ndivyo angeambiwa. Badala yake alifunga daftari, akasema swali ni zuri na jibu litapatikana kesho. Usiku ule aliandika upya sura nzima. Katika sura mpya betri inaanza kufifia katikati ya mikorosho, kwa kuwa haijanywa jua tangu alasiri. Taa ya pikipiki inageuka nyekundu, kisha inazima, na wale vijana wawili hawana budi kushuka na kuisukuma gizani kwa kunyamaza, wakihesabu saa zilizobaki hadi alfajiri. Taharuki yote ya hadithi imetoka katika kikwazo hicho. Hakika kikwazo cha kisayansi, mwandishi akikiheshimu, humfanyia kazi kuliko majambazi kumi wenye bunduki. Nasi tuliokuwa na stashahada na fomu za ukaguzi tulifundishwa hilo na mtoto wa Darasa la Sita.

Mwalimu wa darasa alitueleza jambo jingine. Ulikuwa msimu wa korosho, na wakati huo watoto wengi hukosa vipindi kwa sababu ya kuokota. Msichana mmoja alikuwa akifika shuleni saa tano badala ya asubuhi, akiwa ametoka moja kwa moja shambani, kwa sababu kipindi cha Kiswahili kilikuwa saa tano na robo. Hatukusema kwamba tatizo la utoro limetatuliwa. Vipindi vya asubuhi aliendelea kuvikosa.

Sasa tuseme juu ya mapenzi. Katika juma la tatu mzazi mmoja, mama wa msichana wa darasa hilo, alifika kwa mwalimu mkuu akalalamika kwamba watoto wanasomewa kitabu cha mapenzi. Mwalimu mkuu alilichukua daftari akalifungia kabatini, na alikuwa na haki, kwa maana hakuna aliyemwarifu. Kosa lilikuwa letu. Tuliidhinisha hadithi ile chuoni tukasahau kwamba shule ina mwenyewe. Mwanachuo asijifunze kwetu katika hilo: andalio la somo lenye hadithi ya nje ya kiada lipelekwe kwa mwalimu mkuu kabla ya siku ya kwanza, pamoja na hadithi yenyewe.

Tulikwenda tukaketi na mama yule na mwalimu mkuu chini ya mwembe. Hofu yake haikuwa ya kipuuzi. Ni kweli kwamba tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana waliojifungua warudi shuleni, lakini mzazi wa kijijini anajua kuruhusiwa kurudi ni jambo moja na kurudi ni jingine. Hatukumhubiria juu ya manufaa ya fasihi. Tulimwomba mwanachuo asome ile sura ya pikipiki. Mapenzi yaliyokuwamo ni haya: kijana anamvulia msichana kandambili zake kwa sababu za msichana zimekatika, naye anatembea peku juu ya majani makavu. Basi. Mama alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu: "Huyo binti anamaliza shule?"

Mwanachuo hakuwa ameandika mwisho. Alikiri hivyo. Mama akasema basi aandike, kisha aje amsomee yeye kwanza. Daftari likatoka kabatini siku ya pili, na mwisho ulioandikwa una mtihani wa kidato cha nne ndani yake, na kijana amesimama nje ya uzio akisubiri. Wanachuo wenzake wengine walisema kwamba mwisho huo umepungua ukali. Sisi tunaona umepata uzito, kwa kuwa mwandishi amejibu swali la msomaji aliyekuwa na jambo la kupoteza.

Kutokana na kisa hicho tunawaeleza maoni yetu kuhusu mapenzi katika hadithi za vijana. Usiyakate yote kwa woga. Hatari isiyomgusa mtu anayependwa haimtishi msomaji; tunamwogopea msichana gizani kwa sababu yuko anayemwogopea. Lakini mapenzi yaonyeshwe kwa matendo ya kujali, na yasiwe ndiyo ushindi wenyewe wa hadithi. Kwa watoto wa miaka 11 au 12 kandambili zinatosha. Nawe mwalimu usisome sehemu hizo kwa sauti ya kuchekesha ili kuficha aibu yako. Darasa litacheka, na baada ya hapo halitakuamini tena.

Yamebaki mambo machache ya utendaji. Soma sura yote nyumbani kwa sauti kabla ya kuisomea darasa, ili ujue pumzi yako inaishia wapi. Usiandike ubaoni orodha ya misamiati 20 kabla ya kuanza. Maneno mawili au matatu ambayo hadithi haieleweki bila hayo yanatosha, na mengine yatajieleza. Kata hadithi mahali penye taharuki, si mahali sura inapoishia, hata kama kengele haijalia. Wakikuomba uendelee, kataa kwa upole. Siku inayofuata anza kwa kuwauliza wanadhani nini kitatokea, na uwape nafasi ya kubishana kabla ya kufungua daftari. Mtoto aliyebashiri atasikiliza kwa masikio mawili: moja la hadithi, jingine la kutaka kujua kama alipatia.

Maswali ya ufahamu yasubiri hadi hadithi imalizike. Yanapokuja, anza na yale ya sayansi iliyomo, kwani hapo ndipo watoto wasiopenda Kiswahili huamka: betri ingejaa kwa saa ngapi, mawingu ya masika yangeifanyaje, nani mwingine kijijini angeihitaji. Shule yenye paneli ndogo ya jua juu ya ofisi ina kifaa cha kufundishia tayari. Baadaye waulize ni jambo gani moja wangelibadilisha katika kijiji chao, na nini kingefuata. Waache waandike. Hadithi nyingi zitakuwa na majitu, na zitakuwa na makosa ya tahajia. Usizisahihishe kwa wino mwekundu siku hiyo. Waache wabadilishane madaftari wasomeane.

Daftari la mikoroshoni lilirudi nasi chuoni. Jalada limechanika, na kuna alama ya chai katika ukurasa wa 40. Atakayelihitaji kwa mazoezi ya kufundisha aje ofisini kwetu alinakili kwa mkono, na akishamaliza atuachie nakala ya hadithi yake mwenyewe.